Mshipa wa Kifuani na Mshipa wa Mguuni: Upi Unadumu Zaidi Baada ya Baipasi ya Moyo?

Mtu akirudi Unguja au Pemba na kovu refu katikati ya kifua na jengine upande wa ndani wa mguu, wanaokuja kumpa pole humuuliza mambo yale yale: amefanyiwa wapi, imegharimu kiasi gani, anajisikiaje. Swali lisilosikika mara nyingi ni hili: mishipa aliyopandikizwa imetolewa wapi, na kila mmoja umeunganishwa na mshipa gani wa moyo? Natamani familia zetu zilizoee swali hilo, kwa sababu jibu lake ndilo linalobeba sehemu kubwa ya lile linalowakera kimoyomoyo: kazi hii itadumu miaka mingapi?

Barazani jibu hutolewa kwa mkato. Mmoja atasema mshipa wa mguuni haufiki miaka kumi, mwengine atasema wa kifuani ni wa maisha. Wote wawili wameshika kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba kipande hicho, kikichukuliwa peke yake, humfanya mgonjwa mmoja akate tamaa bila sababu na mwengine aache dawa kwa kujiona ameshasalimika.

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo hausharabu damu inayopita ndani yake. Nao unalishwa kwa mishipa yake maalumu, ateri za moyo, zilizotandaa juu ya ukuta wake, na nyingi kati ya hizo hazizidi milimita chache kwa upana. Lehemu ikijijenga ndani yake njia hufinyika, mtu akapanda ngazi au akatembea haraka na kifua kikambana. Wapo wanaotosheka na dawa. Wapo wanaozibuliwa kwa puto na kuwekewa stenti, yaani kijirija cha wavu kinachoizuia njia isifinyike tena. Na wapo ambao mishipa yao imeziba sehemu nyingi, au mahali pabaya, hasa wenye kisukari, ambao madaktari huwashauri baipasi. Baipasi haiondoi kizuizi. Kizuizi huachwa palepale, na damu hupewa njia ya pembeni kwa kipande cha mshipa kinachoshonwa mbele ya mahali palipoziba.

Kipande hicho hutoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wasiwasi uliopo katika jamii yetu ya Kiislamu. Zipo valvu za moyo zinazotengenezwa kwa tishu za ng'ombe au za nguruwe, na habari hiyo ikishafika mtaani huchanganywa na baipasi. Ni upasuaji wa aina mbili tofauti. Katika baipasi ya kawaida hapandikizwi mtu mshipa wa mnyama, wala hatiwi mrija wa kiwandani, kwani mirija hiyo huganda damu upesi inapotumika kwenye mishipa myembamba kama ya moyo.

Mwili unatoa wapi? Kuna vena ndefu ya mguuni, inayopanda kutoka kifundo cha mguu upande wa ndani hadi kwenye kinena. Kuna ateri mbili za kifuani, kushoto na kulia, zinazoshuka nyuma ya mbavu kando ya mfupa wa kidari. Na kuna ateri ya mkononi, ile daktari anayoibonyeza kwa vidole anapohesabu mapigo. Mguu una vena nyengine za ndani zinazorudisha damu, ukuta wa kifua una mishipa mingi ya kuulisha, na mkono una ateri ya pili upande wa kidole kidogo, ambayo ni lazima ipimwe kabla ya ile ya kwanza kuchukuliwa. Ndiyo maana mishipa hiyo inaweza kuazimwa.

Historia ya jambo hili inaeleza kwa nini vena imetawala kwa muda mrefu ingawa ateri ndiyo iliyotangulia. Februari 1964, mjini Leningrad, Vasilii Kolesov aliunganisha ateri ya kifuani na ateri ya moyo wa mgonjwa. Hakupata wafuasi wengi wakati ule. Mwaka 1967 René Favaloro, Muargentina aliyekuwa amefanya kazi ya udaktari wa kijijini kwao kwa miaka 12 kabla ya kwenda Cleveland, Marekani, alianza kutumia vena ya mguuni, na njia yake ikaenea upesi. Sababu si ngumu kuiona. Vena ni ndefu, ni pana, huchukuliwa na msaidizi wakati mpasuaji mwenyewe anashughulika na kifua, na mguu mmoja unaweza kutoa vipande vitatu au vinne. Maumivu ya kifua yaliondoka na wagonjwa walirudi makwao wakitembea. Kasoro yake haikuonekana mezani pale. Ilihitaji miaka kujidhihirisha.

Vena ya mguuni imeumbwa kwa kazi ya upole. Mtu akiwa amelala, shinikizo ndani yake ni kiasi cha milimita 5 hadi 10 za zebaki, na damu hupita taratibu bila kudunda. Siku ya upasuaji inashonwa kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ambako shinikizo la mtu mzima wa afya hupanda hadi kama 120 na kushuka hadi 80 kwa kila pigo, usiku na mchana. Ni kama mchukuzi aliyezoea kikapu cha embe atwishwe gunia la karafuu, tena asiruhusiwe kulitua. Anajikaza, na kule kujikaza ndiko kunakomuumiza.

Uharibifu huja kwa hatua. Katika mwezi wa kwanza hatari kubwa ni damu kuganda, kwa sababu utando laini wa ndani ya vena hujeruhiwa wakati wa kuichomoa, kuisafisha na kuitanua kwa maji ya dawa. Baada ya hapo, hadi kiasi cha mwaka mmoja, seli za misuli huhamia upande wa ndani na ukuta unakuwa mnene. Mwili unajaribu kuigeuza vena iwe kama ateri, lakini katika kufanya hivyo unapunguza nafasi ya damu kupita. Kisha huja hatua ndefu kuliko zote: lehemu huanza kujipanga juu ya ukuta ule ulionenepa. Ugonjwa ule ule uliomfikisha mtu kwenye upasuaji huanza upya ndani ya mshipa mpya, na katika vena huenda kwa kasi kuliko ulivyokwenda mwanzo, ukiacha tabaka laini la lehemu linalovunjika kwa urahisi.

Ateri ya kifuani ina maumbile mengine kabisa. Imezaliwa ndani ya shinikizo kubwa, kwa hiyo siku ya upasuaji hakuna kigeni inachokutana nacho. Tabaka lake la elastiki halina matundu mengi ya kupitisha seli za misuli. Utando wake wa ndani hutoa kwa wingi nitriki oksidi, kemikali inayoufanya mshipa ubaki umetanuka na kuzuia chembe sahani za damu zisishikamane. Wapasuaji huikuta safi hata kwa mzee ambaye ateri zake nyengine zimejaa lehemu, jambo ambalo mimi bado naliona la ajabu kila ninapolisoma. Na kuna faida nyengine inayosahaulika: kwa kawaida ateri hii haikatwi pande zote mbili. Chanzo chake, chini ya mfupa wa mtulinga, huachwa palepale kikiwa na mzizi wake hai, na ncha ya chini tu ndiyo inayoelekezwa kwenye moyo.

Tofauti hizo zinaonekana katika hesabu. Uchunguzi wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, uliwapiga picha wagonjwa miaka 10 baada ya upasuaji. Ateri za kifuani zilizokuwa bado wazi zilikuwa asilimia 85. Vena zilikuwa asilimia 61. Kabla ya hapo, mwaka 1986, Floyd Loop na wenzake wa Cleveland walikuwa wametoa hesabu za uhai wenyewe: kwa wagonjwa wenye ugonjwa katika ateri tatu, waliounganishwa ateri ya kifuani kwenye ateri ya mbele ya moyo, asilimia 82.6 walikuwa hai baada ya miaka 10, dhidi ya asilimia 71 ya waliopata vena pekee. Wagonjwa wale hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na inawezekana waliopewa ateri walikuwa na hali nzuri kidogo tangu mwanzo. Hata hivyo uzito wa ushahidi uliofuata umeegemea upande huo huo, na leo kuunganisha ateri ya kifuani ya kushoto na ateri ya mbele ndiyo nguzo ya baipasi duniani kote. Ateri ya mbele hulisha sehemu kubwa ya chemba inayosukuma damu mwilini. Ikipata mshipa bora kuliko yote, mgonjwa amepata kilicho muhimu kuliko yote.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 61, kwa sababu hapo ndipo watu hukatishwa tamaa. Kwanza, si kwamba vena zote zinachakaa sawasawa mwaka hadi mwaka. Katika uchunguzi huo huo, vena iliyokuwa wazi wiki moja baada ya upasuaji ilikuwa na nafasi ya asilimia 68 kuwa wazi mwaka wa kumi. Yaani baadhi ya vena zilikuwa zimeshafungwa katika zile siku za mwanzo. Pili, na hili ndilo ningependa lisikike hadi Wete na Makunduchi, mahali inapounganishwa ni muhimu kama mshipa wenyewe. Vena zilizoshonwa kwenye ateri ya moyo yenye upana wa zaidi ya milimita 2 zilikuwa wazi kwa asilimia 88 baada ya miaka 10. Zilizoshonwa kwenye ateri ya milimita 2 au chini yake zilibaki wazi kwa asilimia 55 tu. Vena ikipata ateri pana ya kumwagia damu inaishi vizuri kuliko ateri iliyopelekwa pasipostahili.

Ndiyo, ateri nayo inaweza kupelekwa pasipostahili. Ateri ni mshipa hai unaopima mahitaji. Ukiiunganisha na ateri ya moyo ambayo haijafinyika sana, damu ya njia ya zamani itashindana na ya njia mpya, na ateri ile, ikiona haihitajiki, itajikunja hadi ibaki kama uzi. Ateri ya mkononi ndiyo nyepesi zaidi kufanya hivyo kwa kuwa ina misuli mingi. Kwa hiyo wapasuaji wengi huipeleka upande wa kushoto wa moyo pale tu kizuizi kinapofika asilimia 70 au zaidi, na upande wa kulia wakataka kizuizi kikubwa kuliko hapo, cha asilimia 90 hivi. Vena haina tabia hiyo. Mahali ambapo kizuizi ni cha wastani, vena inaweza kuwa chaguo la busara, na mgonjwa asidhani amenyimwa kitu.

Ateri ya mkononi yenyewe ina kisa chake. Alain Carpentier wa Ufaransa aliitumia mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaachwa upesi kwa sababu nyingi zilibana na kufunga. Miaka ilipita. Baadhi ya wagonjwa wale wa mwanzo walipopigwa picha tena, ateri zilizodhaniwa zimekufa zikaonekana ziko wazi. Njia za kuichukua zikaboreshwa, dawa za kuzuia mbano zikaongezwa, na ikarudi. Mwaka 2018 matokeo ya majaribio sita, yenye wagonjwa 1,036 kwa jumla, yaliunganishwa na kuonyesha kwamba ateri ya mkononi ilikuwa na hatari ya kufungwa chini ya nusu ya ile ya vena, na wagonjwa wake walipata mshtuko wa moyo na upasuaji wa marudio kwa uchache zaidi. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2021 unaipendekeza mbele ya vena kwa ateri ya pili kwa umuhimu, mradi kizuizi ni kikubwa.

Je, kwa nini basi zisitumike ateri za kifuani zote mbili, kushoto na kulia? Swali zuri, na jibu lake limewagawa wapasuaji kwa muda mrefu. Jaribio kubwa lililoongozwa na David Taggart wa Oxford liliwagawa wagonjwa 3,102 kwa bahati nasibu: kundi moja ateri moja ya kifuani, jengine mbili. Baada ya miaka 10, waliofariki walikuwa asilimia 20.3 katika kundi la ateri mbili na 21.2 katika kundi la moja. Tofauti hiyo haitoshi kusema lolote. Lakini karibu mmoja kati ya saba waliopangiwa ateri mbili hakuzipata, na zaidi ya mmoja kati ya watano waliopangiwa moja walipata ya mkononi pia, kwa hiyo ulinganisho wenyewe ulichafuka. Lililo wazi zaidi ni kwamba kuchukua zote mbili hupunguza damu inayolisha mfupa wa kidari, na matatizo ya kidonda cha kifua yakaongezeka. Kwetu, ambako wagonjwa wengi wa moyo wana kisukari pia, naona hilo ni la kuzingatiwa sana. Mgonjwa mwenye sukari isiyodhibitiwa na kitambi kikubwa asishangae mpasuaji wake akikataa ateri ya pili ya kifuani.

Kuna wanaojaribu kuiboresha vena badala ya kuikimbia. Katika mji wa Örebro, Sweden, Domingos Souza alianza kuichukua pamoja na mafuta yanayoizunguka, bila kuivua wala kuitanua kwa nguvu. Katika kundi dogo la wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka 16, vena za namna hiyo zilikuwa wazi kwa asilimia 83, dhidi ya 64 za njia ya kawaida. Jaribio kubwa zaidi la Sweden lililofuatilia kwa miaka miwili halikuthibitisha faida hiyo, na vidonda vya mguu vilikuwa vingi zaidi. Bado ni mapema kuifanya sheria.

Kwa mgonjwa wa Visiwani, safari huanzia Mnazi Mmoja au hospitali ya Pemba, kisha mara nyingi huvuka bahari hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam, inayojitegemea tangu mwaka 2015. Wengine hupelekwa India. Yapo mambo ambayo mgonjwa anayajua na mpasuaji anaweza asiyajue asipoambiwa. Kama kipimo cha mishipa ya moyo kilipitishiwa mkononi, mwambie ni mkono gani, kwa sababu ateri iliyopitishiwa mrija inaweza kuwa imeumia. Kama figo zimeshaanza kuchoka, sema, kwani ateri ile ya mkononi huenda ikahitajika siku moja kwa kusafishia damu. Kama mishipa ya miguu imevimba na kujipinda, au kuna donda la kisukari lisilopona, vena ya hapo si ya kutegemewa. Na kama unatumia mkono wa kushoto kwa kazi zako, usiwaache wakudhanie ni wa kulia kama watu wengi, kwani ateri ya mkononi kwa kawaida huchukuliwa kwenye mkono usiotumika sana.

Baada ya upasuaji, umri wa vena unakuwa mikononi mwa mgonjwa zaidi kuliko anavyodhani. Aspirini ndogo ya kila siku inalinda hatua ile ya kwanza ya kuganda damu na kuendelea. Dawa za kupunguza lehemu, zile za jamii ya statini, zinapunguza kasi ya hatua ya mwisho. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1997 lilionyesha kwamba walioshushiwa lehemu kwa nguvu vena zao ziliharibika polepole kuliko walioshushiwa kidogo. Dawa hizi mgonjwa anapaswa kuzitumia hata kama kipimo chake cha lehemu kinasoma vizuri, na hata kama hasikii maumivu yoyote. Ramadhani isiwe sababu ya kuziacha. Aspirini na statini huwa ni za mara moja kwa siku, na zinaweza kumezwa baada ya futari. Zile za presha, za kukojoza na za sukari ndizo zinazohitaji kupangwa na daktari kabla ya mwezi kuandama. Na anayependa kuumikwa amwambie daktari kwanza, kwa kuwa aspirini hufanya damu ichelewe kukatika. Sigara sina la kuongeza: inaharibu vena na ateri bila kubagua.

Maumivu yakirudi baada ya miaka, si lazima kifua kifunguliwe tena. Mara nyingi madaktari hupendelea kuweka stenti kwenye ateri ya asili ya moyo kuliko ndani ya vena kuukuu, kwa sababu lehemu iliyomo ndani ya vena ni nyepesi kumeguka na vipande vyake huziba mishipa midogo ya mbele. Lakini ili wajue waingilie wapi, ni lazima wajue njia zilizomo: ni mshipa gani, umetoka wapi, umeshonwa wapi. Maelezo hayo yamo kwenye ripoti ya upasuaji, karatasi ambayo wagonjwa wengi hurudi nyumbani bila kuiomba. Cheti cha kuruhusiwa hospitali hakitoshi. Mara nyingi huandika tu idadi ya mishipa iliyopandikizwa.

Umuhimu wa karatasi hiyo ni mkubwa zaidi kwa wale wachache wanaolazimika kufunguliwa mara ya pili. Kwa miaka yote ile ateri ya kifuani huwa imeshikana na kovu, wakati mwengine imelala moja kwa moja nyuma ya mfupa wa kidari, na huenda ndiyo pekee inayolisha ukuta wa mbele wa moyo. Msumeno unaopasua mfupa ule unapita milimita chache tu kutoka hapo. Kwa hiyo mpasuaji wa pili huagiza picha ya CT ili aone ateri imelala wapi, akaisoma ripoti ya mwenzake aliyemtangulia, na ndipo akaamua apasue kwa njia gani, au asipasue kabisa.